Meza Iliyotangulia Neno

Umeme ulikatika adhuhuri, siku ile ile ambayo wazee wa Hulugho walikuwa wanakuja kumposa Ikran. Galina alisimama mbele ya friji nyumbani kwake Waberi, mjini Garissa, akaweka kiganja juu ya mlango wake kana kwamba friji ingeona haya na kuendelea kupoza. Ndani mlikuwa na sinia ya supu ya miguu ya ng'ombe, supu aliyoipika tangu jana asubuhi mpaka mifupa yenyewe ikasalimu amri, kisha akaigandisha na vitunguu saumu. Kwao Urusi sinia kama hiyo unaiweka dirishani tu wakati wa baridi, ikajigandia yenyewe. Garissa ukiweka chakula dirishani unakikuta kimeiva mara ya pili.

Akavuta kiti akaketi. Alikuwa amechoka, na wala si uchovu wa kupika peke yake. Ulikuwa ule uchovu unaolala nao na kuamka nao, unaokungojea kando ya kitanda pamoja na viatu. Watu wa mtaa walimwita Mama Ikran. Mawifi na mashemeji walimwita Halima, jina alilopewa aliposilimu. Galina lilikuwa jina la mdomo wa mtu mmoja, mumewe Yarrow, daktari wa mifugo aliyekutana naye Voronezh walipokuwa wanafunzi. Yarrow alifariki mwaka juzi, na jina akaenda nalo. Siku hizi Galina akijiita kimoyomoyo jikoni huona kama anamtafuta mtu aliyehama.

Mtoto wao alikuwa mmoja tu, huyu Ikran, muuguzi, binti mwenye macho ya mama na ukimya wa baba. Alikuwa amepata mchumba, Shuaib, mwalimu, mtoto wa wafugaji wa Hulugho. Mambo yakikubaliwa, Ikran angehamia zahanati ya huko, karibu na mpaka, mahali ambapo mvua ikinyesha barabara inageuka tope na hata lori halipiti. Galina hakuwa na ugomvi na Shuaib. Kijana alikuwa na adabu, alijua kusikiliza, na alimpenda binti yake waziwazi hata akawa anachekesha. Ugomvi wa Galina ulikuwa na ile barabara, na pia na nyumba ambayo ingebaki na yeye peke yake na saa ya ukutani. Lakini ugomvi huo hakumwambia mtu. Mtu akikuuliza kwa nini hufurahi binti yako anapoposwa, utamjibu nini? Unasema umechoka.

Na wifi yake Ebla, dada wa marehemu Yarrow, alikuwa amemwonya. Alikuja juzi na gunia dogo la mchele begani, akalitua mlangoni na kuanza kusema kabla hajapata pumzi, akimwita abaayo, yaani dada, kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kisomali.

"Abaayo, nisikilize fizuri. Hao watu ya Hulugho ni watu wa zamani sana. Wakija, usitoe chakula kwanza. Chai, hakuna. Maji ya kunawa, hakuna. Hata tende moja, hakuna! Wanakaa, wanasema maneno yao, ndugu yangu Guleid anajibu. Akisema ndiyo, haba sasa toa chakula mpaka washindwe kusimama."

"Na kikitangulia?"

"Kikitangulia, hiyo ndiyo jibu. Kwao ni kusema: kuleni, nendeni, msichana hakuna. Watakula kidogo, watashukuru, wataenda. Na hawarudi."

"Si mngesema tu kwa mdomo kwamba hapana?"

Ebla alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba. "Kwa mdomo ni aibu, abaayo. Kwa chakula hakuna mtu ameaibika."

Waswahili wanasema akufukuzaye hakwambii toka. Wazee wa Hulugho wao wanafukuzwa kwa kulishwa, na wanashiba kidogo njiani. Galina aliitikia kwa kichwa, akasema ameelewa. Jambo hilo ni vizuri lijulikane mapema, maana baadaye angetamani sana kujiambia kwamba hakusikia.

Sasa, kwao Galina mambo ni kinyume kabisa. Huko mgeni hakaribishwi kwenye meza tupu. Hajaketi, hajasema shida yake, meza inatakiwa iwe imejaa vile vyakula vya baridi vya kuanzia wanavyoviita zakuska: visahani vingi vidogo, vimebanana mpaka kitambaa hakionekani. Matango yaliyochachuliwa kwenye maji ya chumvi na bizari. Kabichi iliyochachuka yenyewe siku kadhaa ndani ya mtungi. Biringanya zilizochomwa zikapondwa. Saladi ya viazi, karoti, minji na mayai. Samaki wa chumvi. Mkate mweusi. Vyote vinawekwa kwa pamoja, na kila mtu anamjazia jirani yake kabla ya kujijazia mwenyewe. Halafu mtu anainua kikombe kidogo cha kinywaji kikali, anasema maneno mazuri, wanakunywa, wanakimbiza ule ukali kwa tonge la kachumbari au samaki. Ndiyo kazi ya vyakula hivyo. Chakula chenyewe cha moto kinakuja baadaye sana, na mgeni asiyejua anakuwa ameshajimaliza. Mambo mazito hayaguswi mpaka tumbo limetulia. Kumwuliza mtu mwenye njaa habari ya safari yake, alisema mama yake Galina, ni ushenzi.

Kinywaji kikali Galina alikiacha aliposilimu, na hakukikumbuka. Badala yake alitumia ukwaju, mkali kweli kweli, kwenye vile vile vikombe vidogo. Mkate mweusi aliuoka kwa unga wa wimbi. Kila sikukuu, na kila Yarrow aliporudi kutoka safari ndefu za chanjo huko Sangailu na kwingineko, meza ile iliandaliwa. Yarrow alipenda kuwaambia wageni kwamba yeye hakuoa mwanamke. Alioa meza, na mwanamke akatokea nyuma ya sahani. Tangu azikwe, meza haikuandaliwa hata mara moja. Galina alikuwa akila amesimama, kando ya jiko, uji au chapati ya jana.

Kwa hiyo aliposema atapika vya kwao siku ya posa, Ikran alifurahi. Galina akaenda sokoni kwa Wanji, mama wa kutoka Nyeri anayeuza mboga zinazoletwa na malori ya bara.

"Mama Ikran, hizi bitiruti zote ni za nini? Umeishiwa damu?"

"Wanakuja kumposa Ikran."

"Haki ya Mungu! Na uso umeukunja hivyo kwa nini?"

"Nimechoka, Wanji."

"Kila mtu amechoka hapa," Wanji alisema akimwongezea bitiruti mbili za bure. "Lakini si kila mtu anaozesha. Furahi kidogo, hata kama ni ya kuazima."

Galina alijaribu. Alirudi nyumbani na ile furaha ya kuazima, lakini ilikuwa inambana mabega.

Asubuhi ya siku yenyewe walikatakata pamoja, mama na binti, kwenye meza ndefu ya sebuleni. Walipanga samaki wa chumvi chini kwenye sinia, juu yake viazi, juu yake karoti, juu yake mayai, na bitiruti iliyokunwa ikafunika yote kwa wekundu wake. Kwa kina Galina chakula hicho huitwa samaki aliyevaa koti.

"Wale wazee samaki hawali," Ikran alisema. "Watu wa ngamia hao. Wakisikia ni samaki watadhani umewawekea nyoka."

"Tusiwaambie."

Ikran alicheka. Alikuwa amejikalia kwenye pembe ya meza, magoti huku na huku, akimenya yai. Na kwa kina Galina kuna mwiko mmoja ambao hata bibi asiyeamini chochote anaushika: msichana asiyeolewa haketi kwenye pembe ya meza, atakaa miaka na miaka bila mume. Mama yake Galina alikuwa akimwondoa pale kwa kofi la bega. Galina aliliona goti la binti yake upande huu wa pembe, akaliona la upande ule. Alifungua mdomo. Kisha akaendelea kukuna bitiruti, akijiambia kwamba hayo ni mambo ya bibi vizee.

"Eeddo Ebla alikwambia habari ya chakula, sivyo?" Ikran aliuliza, akimwita shangazi yake kwa Kisomali. "Kwamba kisitangulie?"

"Aliniambia."

"Basi sawa. Yeye anapika wali na nyama kwake, atavileta nyuma wakishaingia." Akamaliza yai, akasita. "Mama. Hulugho si mwisho wa dunia."

"Sikusema hivyo."

"Hukusema kitu chochote. Mwezi mzima hujasema kitu."

Galina akamwambia aende akaoge, wageni wasimkute ananuka vitunguu. Ikran akaenda, na yule mama akabaki peke yake na meza.

Alianza na kitambaa tu. Kitambaa si chakula. Alikitandaza kile cheupe chenye nyuzi nyekundu pembeni, akakinyoosha kwa mikono, na kitambaa kitupu kikamtazama kama kitanda cha hospitali kinachosubiri mtu. Akaweka visahani. Visahani si chakula. Akaweka vikombe vya ukwaju, kwa kuwa visahani bila vikombe vingeonekana ovyo, na mtungi wa matango, kwa kuwa jikoni hapakuwa na nafasi. Umeme ulikuwa umekatika, na supu iliyoganda ilikuwa imeanza kulegea pembeni. Ilikuwa afadhali iwe sebuleni ambako kulikuwa na kivuli. Ndivyo alivyojieleza, sahani moja baada ya nyingine, na kila sahani ilikuwa na sababu yake nzuri. Mkate ndio ulikuja mwisho. Aliukata vipande, akaupanga katikati, akaweka chumvi kando yake. Meza ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri hata akaona mikono yake imepata uhai ambao haikuwa nao kwa muda mrefu.

Alisikia gari likisimama nje baada ya swala ya alasiri. Bado kulikuwa na muda wa kufunika vyote kwa shuka na kusema ni vyombo. Hakufunika. Aliingia jikoni akashusha pazia.

Guleid, shemeji yake, ndiye aliyewaongoza wazee ndani. Walikuwa watatu, wamevaa kanzu zilizopigwa pasi na kofia za nakshi, vumbi la njia limewakaa kwenye nyusi. Mkubwa wao alikuwa Mzee Dagane, kaka yake baba wa Shuaib, mrefu, mwembamba, mwenye ndevu alizozitia hina. Waliingia wakitoa salamu, na salamu ikafia mlangoni.

Waliiona meza.

Galina aliwatazama kwa upenyo wa pazia. Guleid alisimama kama mtu aliyekanyaga kitu chenye ncha. Mzee mmoja, bila shaka ndiye aliyeandaa maneno ya kufungulia, alikohoa akayameza maneno yake. Mzee Dagane peke yake hakubadilika uso. Aliitazama meza toka mwanzo hadi mwisho, taratibu, kwa heshima, kama anayesoma barua ya msiba.

"Mashallah," alisema kwa Kisomali. "Nyumba ya ukarimu. Allah awape baraka."

"Mzee," Guleid alianza, "hii ni..."

"Tumeona, Guleid. Hakuna neno." Aliketi, na wenzake wakaketi. "Tule kidogo na tuondoke. Njia ni ndefu."

Galina alipolisikia hilo, alifurahi. Hapana haja ya kulipamba. Furaha ilimpanda toka miguuni, ile miguu iliyovimba, ikampitia mgongoni na kumkalisha kitini. Wangekula kidogo, wangeshukuru, wangekwenda, wasirudi. Ikran angebaki. Asubuhi kungekuwa na mtu wa kumpikia uji, na jioni mtu wa kuulizwa kazini kulikuwaje. Hakuna aliyekataa, hakuna aliyetukanwa, yeye alikuwa ameandaa meza tu kama mama yake alivyomfundisha. Nani angemlaumu mwanamke wa kigeni kwa kuwa na desturi za kwao?

Mlango wa nyuma ukasukumwa, Ebla akaingia na sufuria ya wali kichwani na jasho shingoni. Akatua, akasikia vile kulivyo kimya upande wa pili, akachungulia penye pazia. Akageuka haraka.

"Nilikwambia," alinong'ona. "Halima, nilikwambia! Kwa mdomo wangu huu nilikwambia!"

"Kwetu meza tupu ni..."

"Usiniambie kwenu! Umekaa haba miaka mingi kushinda umri wa mtoto wako. Kwenu ni wapi?"

Ebla akampa mgongo. Ikran alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba, amevaa dira la rangi ya zafarani, masikioni hereni za dhahabu za bibi yake mzaa baba. Alisogea mpaka kwenye pazia, akatazama. Alitazama kwa muda ule ambao muuguzi hutazama mgonjwa aliyeletwa amechelewa. Galina alijiandaa kwa kilio, kwa maneno makali, kwa chochote.

Ikran aliachia pazia. Alivua hereni, moja, ya pili, akaziweka juu ya kabati kando ya kisu cha mkate. Alikunja mikono ya dira lake zuri mpaka kwenye viwiko, akaenda kwenye karo, akaanza kuosha sufuria zilizotumika asubuhi. Mabega yake yalikuwa yameshuka. Mgongo wake ulikuwa umejikunja kidogo pale kati, na kila alipomaliza chombo alisita kabla ya kuchukua kingine, kana kwamba lazima kwanza ajikumbushe sababu ya kukiosha.

Galina aliujua mgongo ule. Ulikuwa wa kwake. Ndivyo alivyosimama yeye mbele ya karo lile lile, mwaka huu wote na mwaka uliopita, na ndivyo angesimama Ikran mwakani na mwaka wa baadaye, mpaka siku moja watu wasingejua kati ya wale wawili nani mama. Ile furaha iliyompanda toka miguuni ilimtoka, na nafasi yake ikaingia hofu. Upande wa pili wa pazia Mzee Dagane alikuwa anasema bismillahi.

Aliinuka. Akalisukuma pazia.

Mzee alikuwa amenyoosha mkono kuelekea mkate. Vidole vilikuwa vimekaribia kabisa kipande cha juu, na wenzake walikuwa wanamngoja aanze ili nao waanze. Galina aliingia kichwa kikiwa kimefunikwa upande, unga wa wimbi kwenye mkono wa nguo, akaishika sahani ile na kuivuta kutoka chini ya mkono wa mgeni.

"Halima!" Guleid alisema.

Mkono wa mzee ulibaki hewani. Kwa watu wa mzee yule kumnyang'anya mgeni mkate ni jambo la kusimuliwa na wajukuu. Kwa kina Galina ni baya zaidi. Huko hata adui hanyang'anywi mkate, na meza iliyojaa ikiondolewa kabla haijaguswa, nyumba imejiapiza. Alimwona mama yake, marehemu, amesimama nyuma ya kiti ameshika kichwa. Akaona basi, na amlaumu.

"Mzee, nisamehe," alisema kwa Kisomali chake cha jikoni, kilichojaa makosa. "Chakula hiki kimekosea njia. Neno halijasemwa."

Kisha akaanza kuondoa. Aliondoa mkate na chumvi, akaondoa matango, kabichi, biringanya. Alikuwa akienda na sahani mbili mbili hadi kwenye pazia, ambako Ebla alizipokea, na kurudi tena. Wazee hawakujua watazame wapi. Mmoja aliinua vikombe vya ukwaju ili ampatie, akafikiri, akavirudisha chini. Samaki aliyevaa koti alikuwa mzito, na Galina alimbeba kwa mikono yote miwili. Ile supu ilikuwa imeyeyuka nusu, ikacheza kwenye sinia na kummwagikia kifuani. Hakusimama kujifuta. Mwisho alikivuta kitambaa chenyewe, akakikunja, akakipakata. Pakabaki mbao tupu, na alama nyeupe pale Yarrow alipozoea kutua kikombe chake cha chai.

Alibaki amesimama, anahema, nguo imelowa mchuzi. Alitamani kulala pale pale chini.

Mzee Dagane aliitazama ile mbao tupu. Ndevu zake nyekundu zilicheza.

"Kumbe," alisema, "kumbe bado tuna njaa."

Wenzake walicheka, kwanza kwa woga, kisha kwa moyo. Guleid alijifuta uso kwa kitambaa cha mfukoni. Yule mzee aliyemeza maneno yake akakohoa tena, na safari hii maneno yakatoka: walikotoka, walikosikia habari za nyumba hii, marehemu Yarrow na ng'ombe wa Hulugho aliowaponya mwaka ule wa ugonjwa, na hatimaye Shuaib na ombi lenyewe. Yalikuwa maneno mazuri na yalikuwa marefu. Galina aliyasikiliza amesimama, na hakuna aliyemwambia atoke.

Jibu lilikuwa la Guleid. Alifungua mdomo, akamtazama shemeji yake na ile nguo iliyolowa, akaufunga. "Mama yake yupo," alisema. "Leo aseme yeye."

Galina alikuwa na maneno mengi ya Kirusi kwa jambo lile, na ya Kisomali machache. Akachukua Kiswahili, ambacho wote walikifahamu kidogo kidogo.

"Nimekubali," alisema. "Barabara yenu ni mbaya sana. Lakini nimekubali."

"Ni mbaya kweli," Mzee Dagane alisema kwa Kiswahili hicho hicho. "Kila mwaka tunalia na serikali." Akainua mikono kuomba dua, na wote wakainua.

Chakula kikarudi, kwa fujo safari hii, bila mpango, Ebla akiweka sahani popote pale penye nafasi na Guleid akimwaga maji ya kunawa. Supu iliyoganda haikuwa imeganda tena hata kidogo. Ilikuwa supu tu, vuguvugu. Mzee Dagane akaimimina bakulini, akainywa yote, akasema wanawake wa mjini hawajui tena kupika miguu, isipokuwa huyu. Walikula matango wakikunja nyuso kwa ule uchachu na kuyarudia. Walikula samaki hadi sinia ikaonekana chini, na mmoja alipouliza kile kitamu chekundu kinaitwaje Guleid alimwambia ni bitiruti, na huo ulikuwa ukweli wa juu juu. Ebla alipoleta wali na nyama ya ngamia, fahari yake, wazee walikuwa wameegemea viti wakishika matumbo. Walionja kwa adabu tu. Ebla alirudi jikoni na sinia iliyojaa akasema hiyo desturi ya kulisha watu kabla ya kuwalisha ni wazimu, na kwamba siku ya harusi atapika yeye peke yake.

Jua lilipokuwa linashuka waliondoka, na Ebla na Guleid wakawasindikiza. Galina aliketi jikoni. Ikran alikuwa tena kwenye karo, lakini hereni zilikuwa masikioni.

"Nilitaka waondoke," Galina alisema.

"Najua."

"Nilisikia alichoniambia shangazi yako. Nilisikia vizuri."

"Najua, Mama. Nilipoona kile kitambaa nilijua." Ikran alisuuza bakuli ambalo mzee alilinywea supu, akaligeuza likauke. "Ungewaacha wakala wakaondoka, unajua ningefanya nini?"

"Ungekwenda naye tu. Mngetoroka. Vijana siku hizi..."

"Hapana. Ningekaa." Alisema bila hasira, kwa sauti ile ile anayotumia kuwaambia jamaa wa wagonjwa mambo yalivyo. "Ningekaa nawe hapa Waberi. Ningekupikia, ningekupeleka hospitali, ungezeeka ningekuogesha. Ningekuzika vizuri, karibu na Baba. Na nisingekusamehe hata siku moja."

Galina alisikia kila neno. Alifikiria jinsi vidole vya mzee vilivyoukaribia mkate, na akalia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, kama ambavyo hakuwahi kulia hata siku alipoletewa Yarrow amefunikwa sanda. Ikran alimwacha alie. Alipotulia alimpa kile kitambaa cha kukaushia vyombo, maana ndicho kilichokuwa karibu, akavuta kiti cha pili akaketi, na wakaanza kuzungumza harusi iwe mwezi gani.